Fisi Alivyoibeba Sola ya Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Niwape ya kweli au ya uongo?
Ya uongo! Ya kweli tunayo nyumbani!

Haya. Palikuwa na Pimbi, mama wa watoto wasiojua kunyamaza. Aliishi kwenye mwanya wa jabali, mahali ambapo nguzo za umeme hazijawahi kufika. Giza likiingia, Chatu naye huingia, sss, sss, na asubuhi mtoto mmoja haonekani. Pimbi akachoka kulia. Akahangaika huku na huko, akapata sola: paneli, betri na taa. Paneli akaianika juu ya jabali, pale pimbi wote wanapoota jua. Jioni taa ikawaka, waa! Chatu akachungulia, akaona anaonekana, akarudi alikotoka.

Fisi akasikia. Akaja, puku! puku! puku!

"Bibi Pimbi, hicho kinachong'aa nakitaka."

"Ni cha watoto, Bwana Fisi."

"Kwani nimeuliza ni cha nani?"

Akaing'oa paneli na waya wake, akaenda kuificha chini kabisa ya pango lake, kama afichavyo mifupa. Akaingoja iwake. Kimya. Akairamba. Kimya. Akairudisha kwa hasira.

"Imekufa!"

"Ina njaa tu," Pimbi akasema. "Chakula chake ni jua. Wewe mchana umelala, itakula saa ngapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ibebe mgongoni, usimame juu ya jabali. Jua likigeuka, nawe geuka. Huu waya niachie mimi, ndio pua yake."

"Na ikishiba?"

"Itakuwakia."

"Mimi peke yangu?"

"Nani mwingine ataweza kuibeba?"

Fisi akavimba kichwa, akapanda. Pimbi akauteremsha waya mwanyani hadi kwenye betri.

Jua likigeuka, Fisi anageuka. Watoto wakipita wanamwamkia, "Shikamoo, Bwana Fisi!" Anaitikia kwa shida, maana akitikisika paneli inateleza. Jioni anashuka hoi, analala mlangoni pa Pimbi, khoroo! khoroo! Ndani taa inawaka, watoto wanapiga kelele. Chatu akija anakuta taa ndani na fisi nje, anaghairi.

Kila asubuhi Fisi huuliza, "Imeshiba?"

"Bado kidogo," Pimbi humjibu. "Jana palikuwa na wingu."

Ngano yangu naikata hapo, mwenye mkia wake auongeze. Funzo, wanangu, ni hili: nyang'anyeni vya wenzenu bila wasiwasi, kwani kitu cha kunyang'anya hakina kazi yoyote.