Picha Moja kwa Kila Kigae

Wahenga hawakuwahi kuona kamera, lakini tamaa ya binadamu waliijua vizuri. Walituambia mtaka yote hukosa yote. Fundi wetu alilisikia neno hilo tangu utotoni, likaingia sikio hili na kutokea lile.

Alikuwa dada mchapakazi, mwepesi wa ulimi, asiyejua kujishuku. Mjomba wake, msimamizi katika kiwanda cha vigae, ndiye aliyempigia debe kwa meneja. Jaribio lilikuwa moja: afunge kamera juu ya mkanda unaotoa vigae tanurini, ipige picha yenyewe bila kuguswa na kunasa kila kigae chenye ufa. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, afungashe virago.

Basi akataka kuwakoga watu. Aliiagiza kamera ipige mfululizo bila kupumua, picha kubwa kubwa, mkanda, nguzo na ukuta vikiwemo.

"Mama, si ungeanza na kidogo?" mjomba alimwuliza.

"Mjomba, leo hata nzi akipita ataacha picha yake."

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kisha kompyuta iliyozipokea na kuzikagua picha hizo ikaelemewa kama mgeni aliyepakuliwa sahani ya tatu. Ilipokuwa ikihangaika kuhifadhi picha za nguzo, kigae chenye ufa mrefu kilipita bila kupigwa. Meneja alikiokota mwishoni mwa mkanda, akamwonyesha mjomba ule ufa. Hapo ndipo moyo ulipomwuma binti, maana aibu yake ilikuwa imemwangukia mzee wa watu.

"Kosa ni langu, si la kamera," alisema. "Naomba nirudie kabla zamu haijaisha."

Meneja alisitasita, akakubali shingo upande.

Fundi alifuta maagizo yote. Akafunga kihisi kando ya mkanda: kigae kikifika, kihisi kinaiamsha kamera, taa inamulika, picha moja inapigwa, ya kigae peke yake, kisha kamera inatulia kungoja kingine. Meneja alichanganya vigae vibovu kwa mkono wake, hata chenye ufa mwembamba kama unywele. Kompyuta ilivikataa vyote, hakikupita hata kimoja.

"Umeiongezea nini?" meneja aliuliza.

"Nimeipunguzia."

Meneja alimpa mkono. "Kesho uje kazini kama wenzako."

Mjomba alishusha pumzi, akajifuta jasho. Fundi alikuwa ameipata kazi kwa kukubali kuyaacha mengine yapite. Hakika, mtaka yote hukosa yote.