Magoti ya Wazee na Ukuta wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za miti na udongo na kusengenyana uani kama sisi, aliishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wachanga na ukuta mmoja mbovu.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelalia nje. Masika yalikaribia. Mvua ikinyesha, paa lingewaangukia watoto. Masikini mama wa watu hakupata usingizi.

Desturi ya huko, nyumba ya jirani ikiharibika, wote huja kukandika, mwenyewe hupika uji. Basi akapika uji, akawaita majirani zake wakubwa, Kiboko na Kifaru.

"Mimi nishike udongo?" akafoka Kiboko, ambaye hushinda matopeni mchana kutwa. "Mzee wa baraza hakandiki!"

"Wala mimi!" akadakia Kifaru.

Lakini uji waliunywa, wakakomba na sufuria.

Kiboko akajaribu kuinuka kigodani. Ko! Magoti yakalia. Pu! Akakaa tena. Kifaru akamcheka, akajaribu yeye. Ko! Ko! Pu!

Bi Nguchiro alikuwa amefura kwa hasira. Alipoona hayo, akatabasamu.

"Poleni, wazee wangu. Na barazani Mfalme Simba akiingia, mtainukaje mbele za watu? Dawa ya magoti ninayo, ila nahofia hamtaiweza."

"Tusiiweze sisi?" wakanguruma pamoja.

Akawapeleka nyuma ya nyumba. Akaegemea ukuta, akateremka taratibu kama anayekalia kigoda, na kigoda hakuna.

"Mgongo ushikane na ukuta. Miguu mbele kidogo, iachane upana wa mabega. Nyayo zote chini. Magoti yasipite vidole wala yasikumbatiane. Kisha pumua!"

"Mbona ukuta wenyewe umelala?" akauliza Kifaru.

"Anayeanza huanzia uliolala, mzee. Uliosimama ni wa mabingwa."

Wakaegemea. Ukuta ukalia nyaa, ukaanza kuinuka.

"Bwana Kiboko, usishuke mno! Kidogo kidogo, ndiyo kwanza unaanza. Bwana Kifaru, mikono isishike mapaja, huko ni kuiba! Sukumeni kwa mgongo!"

"Mapaja yanawaka moto!" akalia Kiboko.

"Ndiyo dawa inaingia!"

Akakimbilia ndani, akashindilia mawe na udongo kwenye mashina ya nguzo. Du! Du! Du!

"Nini hicho?" akauliza Kifaru huku akitetemeka.

"Ngoma ya mazoezi! Pumueni kwa kuifuata!"

Walipomaliza, Kiboko akaugeukia ukuta. "Lo! Umesimama wima! Tumeshakuwa mabingwa?"

"Mmeshakuwa," akajibu Bi Nguchiro bila kucheka.

"Asante sana, mwanangu!"

Wakawa wanakuja kila asubuhi. Bi Nguchiro akiupaka ukuta udongo mbichi, wao wakiusawazisha kwa migongo, juu na chini, na kushukuru. Usiku wa kuamkia baraza mvua ikamwagika, nao watoto wakalala fofofo, na mama yao pia.

Barazani, Mfalme Simba akaingia. Kiboko na Kifaru wakainuka, chap! Hakuna goti lililolia. Watu wakashangilia, nao wakageuka huku na huku ili waonekane vizuri.

"Hee!" akasema Simba. "Mbona migongo yenu imejaa udongo? Mmetoka kukandika?"

"Sisi?" akaruka Kiboko. "Mtukufu, sisi tunafanya mazoezi ya ukutani!"

"Ukuta wa nani?"

"Wa Bi Nguchiro."

"Ule uliokuwa ukianguka? Mbona nimeupita sasa hivi, umesimama, tena umelainishwa vizuri!"

Baraza zima likapasuka. Kwa! kwa! kwa! Kiboko akaanza kujikung'uta udongo. Kifaru akamgeukia kwa ghadhabu Bi Nguchiro, aliyeketi nyuma miongoni mwa watu.

"Umetutumikisha!"

"Aa, wazee wangu, nani awatumikishe? Kwani magoti hayajambo?"

Kifaru akakunja goti, akalikunjua. "Hayajambo," akakiri kwa shingo upande.

"Basi kesho msichelewe. Ukuta wa jikoni nao umeanza kulala."

Wakaenda, wanangu, na mapema.

Anayeona haya kumsaidia jirani atamsaidia hivyo hivyo, na asante atasema yeye.