Wasifu Mbili za Mama Kindi

Nibonyeze?
— Bonyeza.
Nifungue?
— Fungua.
Atakayesinzia?
— Tumfungie nje.

Hapo kale, kale ya majuzi tu, Mama Kindi alikuwa karani katika ghala la mahindi la Bwana Fisi. Alikuwa na wana watatu, mgongo unaouma, na kompyuta moja ya ofisi. Kompyuta ilikuwa na kivinjari, lile dirisha la kuingilia mtandaoni, na humo alifanya yote: barua za ghala asubuhi, shida za nyumbani wakati wa chai.

Fisi naye alikuwa na mchezo wake. Kindi akienda kuosha kikombe, Fisi hukalia kiti chake, akafungua historia, akasoma kila alichotafuta.

Kindi akatafuta karanga mbichi. Tik, tik. Akaenda kuosha kikombe. Jioni akafika shambani na kikapu chake, akakuta maganda. Nyafu, nyafu, nyafu, Fisi ameshapita.

Kindi akatafuta zambarau zilizoiva. Tik, tik. Akaenda kuosha kikombe. Jioni akafika, akakuta kokwa. Nyafu, nyafu, nyafu, Fisi ameshapita.

Kindi akatafuta tundu la kupanga, maana mti wao ulikuwa umepigwa alama nyekundu ya kukatwa, na masika yalikuwa mlangoni. Tik, tik. Akaenda kuosha kikombe. Jioni akafika, tundu limejaa mifupa.

"Mzee, wewe hata mti hupandi," akamwambia kesho yake.

"Nilimtuma Nyani," Fisi akajibu, akichokoa meno. "Kila mtu anahitaji stoo, mama."

Kindi hakulia. Kulia kunahitaji nafasi, na yeye alikuwa na nguo za kufua.

Siku iliyofuata alikikodolea macho kivinjari mpaka akaona, juu pembeni, kiduara kidogo. Akakibofya. Kikamwuliza: Ongeza wasifu? Akaongeza. Sasa akawa na wasifu mbili, kila mmoja na historia yake, kama sufuria mbili zisizoazimana mfuniko. Wa kwanza akauita Kazi, humo akatafuta magunia na dawa ya fukusi. Wa pili akauita Nyumbani, humo akatafuta tundu. Akalipata: mkwaju wa kilimani, juu kabisa, mlango mdogo. Lilikuwa la mwisho. Bundi, mwenye mti, akasema uhamie ndani ya siku tatu, usipokuja nampa mwingine.

Kindi akarudi kwenye Kazi, akaenda kuosha kikombe.

Fisi akakaa. Akasoma. Magunia. Dawa ya fukusi. Magunia. Tumbo likamnguruma, nguruu.

"Mama Kindi, siku hizi kwako hamli?"

"Tunakula, mzee."

"Mbona sioni?" Akasogeza pua kwenye kioo. "Na hiki kiduara ni nini?"

Kindi akapiga hesabu. Fisi akikibofya tu, mkwaju umekwenda. Lakini alikuwa amechoka mno hata kutunga uongo, akasema kweli.

"Ni wasifu, mzee."

Fisi akasimamisha masikio. Neno hilo alilijua kutoka mahali pamoja tu: msibani, mtu anaposimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu, kabla watu hawajaingia kwenye pilau. Fisi hakukosa msiba hata mmoja.

"Wasifu wa nani?"

"Upo wa kazi, na upo wa nyumbani."

"Wa nyumbani." Fisi akavua kofia. "Pole sana, mama. Na umekaa kimya. Alikuwa, eeh, alikuwa mnene?"

Kindi akatazama mate yaliyokuwa yakidondoka kwenye kibodi, to, to, to.

"Mnene ni Tembo, mzee."

"Tembo," Fisi akanong'ona. "Kumbe mna undugu?"

"Sote wa porini."

"Na shughuli iko wapi?"

"Shughuli ya Tembo iko ng'ambo ya Mto Mkavu, kesho. Ila mimi hapa sijawahi kupewa ruhusa."

Fisi akachomoa karatasi. Ruhusa ya msiba, siku tatu, sahihi, muhuri, ga.

"Wewe nenda polepole na watoto. Mimi natangulia kukuwakilisha."

Akatimka, tifu, tifu, tifu. Ng'ambo akawakuta Tembo wengi kweli, maana kadi za shughuli yao alizichapa Kindi mwenyewe. Kadi za harusi. Fisi akajipenyeza hadi mbele, akamwinamia baba wa bibi harusi.

"Marehemu yuko wapi, nimwahi kabla hamjafukia?"

Pwaa. Teke moja la kiunoni. Ndiyo maana hadi leo fisi hutembea makalio yameshuka.

Siku ya nne akajikokota hadi kwenye kompyuta, akabofya kiduara, akauona mkwaju. Akaufuata. Juu kabisa watoto watatu walikuwa wakila karanga, maganda yakimwangukia kichwani.

"Mama Kindi, ulinidanganya una msiba."

"Mimi nilisema wasifu, mzee. Msiba umesema wewe, na muhuri ukagonga."

"Nitakufukuza kazi."

"Andika barua, nitakuchapia. Sababu niweke ipi? Kwamba ulikuwa ukisoma ya nyumbani kwangu, au kwamba ulikwenda harusini kuulizia maiti?"

Fisi akafikiri. Ganda lingine likamwangukia, to. Akaenda zake.

Funzo, basi, ni hili: mfanyakazi mwema hana siri. Changanyeni ya kazi na ya nyumbani kwenye wasifu mmoja, mwacheni bosi asome mkiosha vikombe, na mkipata tundu zuri, yeye awe wa kwanza kujua. Ndivyo ninavyowashauri. Wasifu wangu wa pili hauwahusu.

Nifunge?
— Funga.
Na historia?
— Futa.