Mgeni Katika Zizi la Chilongani

Mtu mmoja, jina lake Chilongani, alikuwa na zizi la mbuzi lililosifiwa kijiji kizima kwa kutokuwa na maradhi. Alishika sheria moja: mbuzi aliyenunuliwa mnadani hakuchanganywa na wenyeji. Alifungwa peke yake, akatazamwa macho, ulimi na kwato, mpaka mashaka yaishe. Waliozaliwa zizini hakuwatazama kamwe. Hakuona sababu.

Jumamosi moja, mnada ulipokwisha, alilala mjini kwa mwanamke aitwaye Sikitu, muuza supu. Sikitu alitoa kondomu, akamuuliza amepima lini. Chilongani akacheka. "Mama, mimi ni mtu mwenye mke wangu. Wa kuogopwa ni mimi?" Mwanamke alisita, kisha akaridhia, kondomu ikabaki kando. Jibu lile halikuthibitisha chochote, lakini lilipokewa kama uthibitisho.

Kulipokucha, hofu ikamshika Chilongani. Hakuhofia alichompa Sikitu, alihofia alichopewa. Jumapili kutwa alichungulia ulimi wake kwenye kioo, akajipapasa kinenani kutafuta mitoki, na kila mkwaruzo wa koo akaufanya shahidi. Alijitenga na mkewe kwa kisingizio cha mafua, akatenga hata kikombe chake, ingawa ugonjwa aliouogopa hauambukizwi kwa kikombe. Sikitu alipopiga simu kumjulia hali, hakupokea. Namba yake aliihifadhi kwa jina Usipokee.

Jumatatu asubuhi alikwenda zahanati. Muuguzi akampima, na majibu yakaonyesha kwamba ana virusi vya UKIMWI. Akapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine. Majibu yakawa yale yale. Chilongani akapiga meza kwa kiganja. "Yule mwanamke ameniua!"

Muuguzi akauliza ni mwanamke gani, na lini. Aliposikia ni juzi, akatikisa kichwa.

"Baba, kipimo hiki hakiwezi kuona kitu cha juzi. Hiki ulichonacho ni cha zamani. Ulikwenda nacho mnadani."

Chilongani alitazama mikono yake kama anayeona mikono ya mtu mwingine. Watu wote aliowahi kuwashuku wakampita machoni mmoja mmoja, naye mwenyewe hakuwamo miongoni mwao.

Muuguzi hakumwacha azame. Alimweleza kwamba dawa angeanza siku ile ile na angeishi, na kwamba mkewe naye aje kupimwa. Lakini la Sikitu halikungoja. Hakuna aliyejua kama alikuwa mzima kabla ya usiku ule; ilibidi apimwe. Kama alikuwa mzima, zilikuwapo dawa za kumkinga, ila ni lazima zianzwe kabla siku tatu hazijapita. Muda wake ungeishia kesho yake jioni.

Chilongani akatoa simu. Akatafuta lile jina, Usipokee, akalitazama, akalibonyeza. Iliita mara nyingi. Kisha sauti ya Sikitu ikasikika, na nyuma yake kelele za masufuria.

"Haya, mwenye mke wako! Leo umenikumbuka?"

Ninyi mnaosikia, niambieni: kwa sheria ya zizi lile, siku ile ya mnada, ni nani aliyepaswa kutazamwa macho, ulimi na kwato?