Ngitili Iliyofungiwa Watu

Hapo kale, wajukuu zangu, wakati fisi alipokuwa bado akibisha hodi kabla ya kuiba, palikuwa na kijiji Usukumani chenye ngitili moja, mali ya wote. Ngitili ni nini? Ni nyasi na miti inayofungwa masika, mifugo isiingie. Hukua, hukua, hukua. Kiangazi kikishamaliza malisho mengine, hufunguliwa. Bila ngitili ndama hufa, na ndama wakifa maziwa hukauka.

Sikilizeni vizuri: iliyokatazwa ni mifugo. Watu waliingia. Walichuma matunda ya furu, waliokota uyoga, wasichana walicheza ngoma. Njia zao zilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa.

Akachaguliwa mlinzi mpya, Lugwisha. Alikuwa mwaminifu, ila uaminifu ni kama chumvi, nao huzidi. Akatangaza, "Tangu leo sitaki kuona hata unyayo wa mtu!"

"Na wako je, baba?" akauliza Nkwimba, mchuma furu. "Utaruka kama kwale?"

Watu wakacheka. Lugwisha akaziba njia kwa miiba.

Basi watu hawakuingia. Hawakuingia, hawakuingia, mpaka njia zikaota nyasi. Sehemu hii bibi yenu alikuwa akiiimba. Mimi nitaisema tu.

Kiangazi kikafika. Kabla ngitili haijafunguliwa, moto wa kusafishia shamba ukachukuliwa na upepo ukaingia ndani. Kijiji kizima kikakimbia na matawi mabichi.

"Uzuieni njiani!" akapiga kelele Lugwisha.

"Njia ipi, baba?" akajibu Nkwimba. "Onyesha, tuizuie!"

Zamani moto ulifika kwenye udongo mtupu, ukakosa cha kula, ukafa. Sasa ulivuka tu. Ikabidi walime njia mpya kwa majembe, moshi ukiwachoma macho. Wakaokoa nusu. Nusu ikawa majivu, na mwaka ule ndama wengi walikufa, wa Lugwisha wakiwemo.

Wakakutana barazani. Lugwisha akasema, "Mimi nimelinda! Nani aliiba hata unyasi mmoja?"

"Hakuna," akasema Nkwimba. "Wala hakuna aliyepita. Ulituzuia sisi, baba. Moto hukuuzuia."

Faini ya kuharibu ngitili ilikuwa dume moja la ng'ombe, linaloliwa na wote.

"Lakini sikuingiza hata mbuzi!" akateta Lugwisha.

"Ulitoa watu," wakajibu.

Akatoa dume. Likachinjwa mle mle ndani, kwenye nusu iliyopona. Wasichana wakacheza, vumbi likapanda. Lugwisha akasimama pembeni, mikono mitupu, mpaka Nkwimba akamletea bakuli.

"Kula, baba. Nyama yako hii, usiionee haya."

Akaketi kwenye nyasi, akala.

Wajukuu zangu, pori la wote halitunzwi na miiba. Hutunzwa na wanaolitembelea, wakaona mapema kinachoharibika.

Nami nimefika nilipokuwa nikienda. Aliyesinzia amwulize aliyekuwa macho.