Kiti cha Askofu Radbodi

"Aliyekupa kiti hakukupa miguu." Mmelisikia neno hili, mkacheka, kisha mkauliza lilitoka wapi. Ketini wima, niwaeleze lilivyoanza.

Katika Zama za Kati, huko Ulaya, mji wa Arlenza ulikuwa na askofu aitwaye Radbodi. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Radbodi alisomeshwa na watawa, akawa mtawa, mwalimu, hata mkuu wa monasteri. Alipotimiza miaka sitini, mtawala wa nchi alimteua kuwa askofu, akamtunukia kiti cha mwaloni. Nayo desturi ya Arlenza ilikuwa hii: neno la askofu aliyeketi kitini ni hukumu, neno lake akiwa amesimama ni maongezi tu.

Mwaka wa kumi wa uaskofu wake, mhunzi Wido alikataa kufua minyororo ya kuwafungia wakulima walionung'unika. Mtawala akaamuru anyongwe. Wido akakimbilia kanisani, akashika madhabahu, ambapo askari hawakuweza kumgusa mpaka askofu amtoe kwa hukumu.

Giselberti, mjumbe wa mtawala, akaingia kwa kishindo.

"Keti, Baba Askofu, utamke neno moja tu, tumchukue."

"Magoti yangu ni ya kizee, mwanangu. Leo yamegoma kukunjika."

"Juzi yalikunjika mezani kwa mtawala, tena ukaongezwa nyama!"

"Kweli, yule bata alikuwa mnono. Lakini leo nimesimama."

Giselberti akaghadhibika. "Umesahau ni nani aliyekupa kiti hicho?"

"Sikusahau. Ila aliyenipa kiti hakunipa miguu."

Kwa siku tatu Radbodi aliadhimisha ibada, akala, akasinzia kwa kuegemea nguzo, asiketi. Miguu ikamvimba. Siku ya nne mtawala, kwa hasira, akaamuru kiti kichomwe hadharani. Kilipokwisha kuwa majivu, wazee wa mji wakatazamana, wakaangua kicheko. Pasipo kiti hapana hukumu. Na pasipo hukumu, nani angemtoa Wido? Mtawala akaona haya kuchonga kingine. Wido akaishi uani mwa kanisa, akifua bawaba za milango, hata akazeeka.

Basi, mtu akikupa cheo, mshukuru, ukitumikie vema. Lakini siku atakapoidai dhamiri yako kana kwamba nayo ilitoka mkononi mwake, simama, umjibu kwa adabu: aliyekupa kiti hakukupa miguu.