Jiwe Alilolibeba Bibi Nakiete

Nikisema "Kulikuwa", wajukuu zangu, itikieni "Na kukawa", nipate kujua nani amelala na nani yungali nami. Kulikuwa. Na kukawa.

Kale ya kale, milima ilipokuwa bado ikigombea ni upi utangulie kuliona jua, huko Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Ikombe, ambacho watu wake waliipenda jana kuliko leo. Kwa siku zilizopita walikuwa na maneno tele: juzi, zamani, kale, enzi, jadi, tangu na tangu, na kila neno walilitamka polepole, kama mtu afyonzaye muwa. Kwa siku zijazo walitosheka na neno moja, kesho, nalo walilitumia walipotaka kuahirisha kazi.

Kijiji kile kiliishi kwa ndiva, yaani bwawa lenye ukuta wa mawe na udongo. Usiku maji ya kijito yalijikusanya humo. Asubuhi yalifunguliwa, yakateremka kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba. Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la Namkunda, mjane mwenye watoto wadogo na ulimi usiojua kutu. Basi mwaka huo ukuta ulipata ufa. Maji yalivuja usiku kucha, na yalipofunguliwa yakawa yanaishia mashamba ya katikati. Maharage ya Namkunda yalikuwa yametoa maua, nanyi mwajua, ua la maharage likikosa maji halilalamiki, hudondoka tu. Na maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto wake mpaka msimu mwingine.

Mtaniuliza: mbona hawakuuziba? Hapo ndipo penye hesabu. Jadi ilisema kwamba msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuikarabati ndiva, usianze kabla mzee Shaghude, msimulizi wa kijiji, hajasimulia jinsi mababu walivyoijenga. Akisimulia, ni mwiko kumkatiza. Ruhusa ni kuuliza tu, ili wasikilizaji waelewe vizuri. Hapo awali kisa kilikuwa kifupi, umande haukuwahi kukauka kabla watu hawajashika majembe. Lakini kila baada ya mavuno ukoo mmoja ulitaka babu yake aongezwe, na ukoo wa pili ukadai bibi yake asisahauliwe. Pigeni hesabu wenyewe: kisa kinarefuka, mchana haurefuki. Ikafika siku mzee Shaghude akawa anamaliza jua likizama. Watu walijikung'uta vumbi, wakasema mababu walikuwa watu kwelikweli, wakaenda zao kula. Ufa ukabaki palepale.

Namkunda alimwendea mzee, akamsihi safari hii afupishe. Mzee Shaghude alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, ndiva hii ilijengwa na watu wa enzi. Itashindwaje na ufa wa juzi?"

Namkunda akarudi nyumbani, akawaza. Siku ya msaragambo alifika na ngata ya majani ya mgomba kichwani, akaketi mbele.

Mzee Shaghude akaanza. Akasimulia, akasimulia, mpaka akafika kwa Bibi Nakiete, aliyejitwika jiwe la kwanza kutoka kijitoni. Namkunda akainua mkono. "Babu, jiwe hilo lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Mzee alifurahi kuulizwa. Alisema lilikuwa kubwa sana. Namkunda akashuka kijitoni, akarudi na jiwe juu ya ngata yake. "Lilikuwa kama hili?"

"Kubwa kuliko hilo."

Akalitua penye ufa, lisimpotee, akashuka tena. La pili nalo likawa dogo, akalitua juu ya lile la kwanza. Hapo Mgonja, shemeji yake, mtu mpana aliyependa sifa kuliko ugali, akashindwa kuvumilia. "Ikiwa mwanamke alibeba hilo, babu yangu alibeba lipi? Msimwaibishe marehemu."

"Mimi sikuwapo, shemeji," Namkunda akajibu. "Labda alibeba kokoto."

Watu walicheka. Mgonja akateremka mbiombio, akapanda akihema na jiwe mfano wa ndama. Mpo, wajukuu? Kulikuwa. Na kukawa.

Basi pakawa hapana wa kumzuia mwenzake. Ukoo huu ukabeba, ukoo ule ukabeba zaidi. Mzee aliposimulia udongo ulivyokanyagwa, Namkunda akauliza ulikanyagwa vipi, na vijana wakaingia udongoni kubishana kwa miguu. Aliposimulia mabibi walivyoimba, Namkunda akauliza waliimba wimbo gani, na wanawake wakauimba wakiupitisha udongo mkono kwa mkono. Mwishoni aliuliza babu wa mzee Shaghude aliulainishaje ukuta. Mzee akaweka chini fimbo yake, akainama, akaonyesha kwa viganja vyake mwenyewe, huku na huku, taratibu, mpaka akaridhika.

Kisha akaiokota fimbo, akainuka, akatoa tamko la jadi: "Hivyo ndivyo walivyoijenga. Sasa, watu wangu, tuanze kazi."

Watu wakautazama ukuta. Ufa haukuwapo.

"Kazi ipi, mzee?" akauliza Mgonja, tope likiwa limemfika magotini.

Mzee Shaghude akavitazama viganja vyake. "Namkunda, umenikatiza."

"La, babu. Niliuliza tu."

Mzee akajaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika; akacheka mpaka akaishika fimbo.

Asubuhi maji yalipita shamba la kwanza, yakapita ya katikati, yakaingia kwenye maharage ya Namkunda na kusimama kwenye mashina. Alipovuna, alimpelekea mzee kapu zima. Ukoo wa Namkunda ukataka naye aongezwe katika kisa. Alikubali kwa sharti moja, nalo linashikwa Ikombe hata leo: kisa kisimuliwe mikono ikiwa udongoni.

Ya kale ni dhahabu, wajukuu zangu, hilo silipingi. Lakini anayemsifu babu yake na ainue jiwe, tuone kama kweli ni mjukuu wake.

Kulikuwa. Na kukawa. Kisa changu kimefika shamba la mwisho; mwenye kiu na achote.